Mnyororo Uliokataa Kujikunja

"Tangazo kwa walimwengu wote, walio macho na wanaosinzia: leo, katika maabara hii tukufu, protini itajikunja yenyewe!"

Waziri, kama walivyomwita bwenini, alishuka kigodani akainama kupokea makofi. Makofi hayakuja. Ndani ya chupa kubwa ya plastiki, mnyororo wa shanga ulikuwa umejisokota ovyo kama soksi iliyosahaulika chini ya kitanda.

"Acha domo, tikisa," alisema dada kiranja wa maabara.

Muhula mzima dada huyo alikuwa akitoboa shanga za mbao, akificha sumaku ndani ya kila moja na kuziba kwa gundi. Chupa ikitikiswa, shanga zingevutana na kusukumana mpaka mnyororo upate umbo lake, umbo lile lile kila mara. Protini mwilini nazo ndivyo zilivyo: mnyororo usiojikunja sawasawa haufanyi kazi. Waamuzi walikuwa chumba cha pili. Nafasi ya maonyesho ya shule zote ilikuwa moja, na dada alikuwa kidato cha mwisho.

Waziri akatikisa. Soksi. Akatikisa mpaka mabega yakawaka moto. Soksi tena.

"Labda ina aibu mbele ya wageni," alisema.

Dada hakucheka. Aliutoa mnyororo, akaunyoosha mezani kwa vidole vilivyochubuka.

"Jana asubuhi ulijikunja vizuri. Basi ilikuwa bahati tu. Nimekosea tangu mwanzo, na sina muda wa kuanza upya." Akavuta kitambaa aifunike meza.

Waziri akaweka kiganja juu ya nusu ya mnyororo.

"Hujakosea, dada! Nusu hii yote iko sawa, sikuigusa."

Kitambaa kikasimama hewani.

"Hukuigusa?"

"Sikuigusa."

"Na nusu hii nyingine, mheshimiwa?"

Waziri, aliyewahi kuhutubia bweni zima kuhusu haki za kunguni, sasa alivihutubia viatu vyake.

"Nilifungua shanga moja nikageuza sumaku. Moja tu, dada. Nilijua utaiona papo hapo, unifukuze na ufagio, tucheke, yaishe."

"Ipi?"

Alizitazama. Zote rangi moja, zote zimezibwa kwa gundi ile ile, kwa ufundi uliompa majivuno jana jioni. Vishindo vya viatu vya waamuzi vilikuwa vimefika mlangoni.

"Niliificha vizuri mno," alisema kwa sauti ndogo. "Hata mimi sijui."