Tisheti za Marashi

"Umemchapa! Umemchapa mpaka meno!"

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Nisikilize nini? Mashine ileile! Juzijuzi sura ya mdogo wetu, leo ya aliyemuua!"

"Bosi ndiye kapokea oda, mimi..."

"Kwani hiyo mikono ni ya bosi?"

Nikainua mfuniko wa mashine. Moshi kidogo, harufu ya plastiki, na Marashi akatoka tena kwenye kifua cha tisheti nyeupe, anacheka. Huyu ndiye mwanamuziki anayependwa na kila mwenye masikio. Gari lake lilimgonga kitindamimba wetu akivuka barabara kwenda dukani. Marashi anasema alilala kiti cha nyuma. Dereva anayemtaja kuwa ndiye aliyeendesha, mpaka leo hakuna aliyemtia machoni. Hukumu ni kesho.

"Angalia pua," nikamwambia dada.

Akasogea. Nilikuwa nimempachika Marashi chunjua puani, nene kama punje ya mahindi. Mdomo wa dada ulicheza kidogo, halafu ukatulia.

"Mashabiki wakiiona?"

"Watasema ni mtindo. Wiki ijayo wote watakuwa nayo."

"Mjinga wewe," akasema, lakini bila nguvu. Akakaa juu ya boksi la karatasi.

Hatuna nguvu siku hizi. Mara hakimu ana semina, mara faili halionekani, mara wakili wa Marashi anaumwa jino. Shahidi aliyeona kila kitu alipanda kizimbani, akawa hakumbuki hata kama lile lilikuwa gari au baiskeli. Zamani nikisikia "imeahirishwa" nilikuwa najifungia chooni nalia. Sasa nikisikia, nawaza tutakula nini.

Mama naye halii. Anataka kitu kimoja tu: awe ndani hakimu akisoma. "Neno lolote litakalotoka," huwa anasema, "nilisikie kwa masikio yangu, nikimtazama yule usoni." Na hajawahi kuingia. Chumba cha mahakama ni kidogo, na meneja wa Marashi anawahi mlangoni, anasimama na askari kama mwenye harusi. Ukivaa tisheti ya Marashi, unapitishwa: ndugu wa mshtakiwa. Sisi tulikwenda na tisheti za mdogo wetu, askari akasema hizo zinashinikiza mahakama, tuvue au tubaki nje. Mama hakuvua. Safari iliyofuata tukavaa nguo za kawaida, tukaambiwa viti vimejaa ndugu. Mtu mmoja ana ndugu wengi kuliko mchwa.

"Kesho mama anaingia," dada akasema. "Hata kwa kumbeba mgongoni."

"Umpitishe wapi, dirishani?"

"Wewe si ulisoma sheria?"

"Nilisoma nusu. Nusu ya milango sikufika."

Mlango wa duka ukalia. Mama. Dada akaruka, akalitupia rundo la tisheti khanga yake, mimi nikakaa juu ya mashine, nikakumbuka ni ya moto, nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnaficha nini, mmeiba?"

"Hakuna kitu, mama, ni kazi tu za watu," dada akasema haraka.

Mama akaivuta khanga taratibu, akaikunja, akampa dada. Akachukua tisheti ya juu. Akaitazama sura ile kwa muda, uso wake haukubadilika. Akaigeuza, akakagua mshono wa bega kama yuko sokoni, kisha akajipima kifuani.

"Mama, hiyo ni ya..."

"Najua ni ya nani, nina macho." Akaipima tena, akavuta pembeni. "Inanibana. Nichapie ya saizi yangu, mwanangu, niivae kesho."