Siku Shemeji Alipoketi

Viongozi wa mtaa ule walikuwa na mtindo wao: wanakuita mjadili jambo ambalo wao wamekwisha kulimeza, na kazi inayobaki ni wewe kuwafuta midomo. Fundi Magodoro alilijua hilo siku nyingi. Hata hivyo, Jumamosi ile alivaa shati la mikono mirefu, akabandua pamba zilizong'ang'ania suruali, akaenda mkutanoni. Alikwenda kwa sababu safari hii alikuwa na watu.

Jambo lenyewe lilikuwa la baa na mikahawa ya mtaani. Zilikuwa zikifunga saa nne usiku; sasa wenyewe walitaka saa nane. Baa kubwa kuliko zote ilipakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya Fundi. Nyuma ya ukuta huo ndipo mkewe alipolala miezi yake ya mwisho, na akakata roho huku spika zikitikisa vikombe kabatini. Nyumbani walibaki wawili tu, Fundi na mama mkwe wake, bibi kizee aliyepooza mguu. Asipolala vizuri, bibi huyo huamka akitetemeka na kumwita binti yake aliyekwisha kuzikwa. Daktari hakuzunguka: alale, la sivyo hamtakuwa naye.

"Mpaka saa nne anavumilia," Fundi aliwaambia majirani walipokusanyika kibandani kwake, wameketi juu ya magodoro ambayo hayajashonwa mdomo. "Mpaka saa nane, mtanizikia mtu mwingine."

Wote wakakubali. Shida ilikuwa nani atangulie, maana mtaani kwao kura ni kusimama, mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti. Muuza mkaa alikuwa akipeleka magunia jikoni mwa baa hiyo. Mama Nyanya naye alipeleka nyanya zake hukohuko. Hakuna aliyetaka mwenye baa amwone yeye wa kwanza.

"Nitaanza mimi," akasema shemeji, kaka wa marehemu, ambaye ndiye katibu wa mtaa. "Niogope nini? Yule ni mama yangu mzazi. Dada yangu kafa na muziki masikioni. Nikisimama, nyie inukeni kwa mpigo. Kabla ya hapo, mtu asijitie kimbelembele."

Hapo ndipo walipokosea. Watu wazima, wenye akili zao timamu, waliazima magoti ya mtu mmoja.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi, watu wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwenye baa alileta kreti za soda, na mwenyekiti akazigawa kana kwamba zimetoka mfukoni mwa serikali.

Fundi akapewa nafasi. Hakuwa msomi, maneno yake hayakuvaa tai. Alieleza habari ya vikombe, akaeleza ya bibi kizee, akasema basi.

"Pole sana, ndugu yetu," mwenyekiti akajibu, soda mkononi. "Lakini mtaa lazima uende na wakati."

"Anatetea usingizi kwa sababu anauza magodoro!" sauti ikatoka nyuma, darasa likaangua kicheko.

"Ningekuwa natetea biashara," Fundi akageuka, "ningeomba baa zisifungwe kabisa. Mlevi huozesha godoro kuliko mtoto mchanga."

Safari hii wakacheka upande wake. Moyo wake ukachangamka. Akaona mambo yameiva.

"Wanaopinga wasimame," akasema mwenyekiti.

Fundi alikuwa bado yuko wima. Akamtazama shemeji. Darasa zima likamtazama shemeji. Naye alikuwa ameinama mezani pa mwenyekiti, anaandika, anaandika, kama mtu anayeandika wosia. Muuza mkaa akainuka nusu, akaona hakuna mwenzake, akajifanya anabandua suruali kwenye dawati, akashuka taratibu. Mama Nyanya akakumbuka kufunga kanga yake vizuri.

"Shemeji," Fundi akaita. Sauti ilimtoka ndogo.

Shemeji hakuinua kichwa.

"Mmoja," akasema mwenyekiti. "Kaa, Fundi. Limepita."

Hakukaa. Alisimama hivyohivyo mpaka watu wakaanza kutoka, wakimpita pembeni kama wanavyopita nguzo.

Alimkuta shemeji uani, karibu na bomba la maji.

"Umeniacha kwenye mataa."

"Shem, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize? Mdomo ulikuwa nao tangu mle ndani."

"Binti yangu ameajiriwa pale baa. Anashika kaunta kuanzia Jumatatu. Lakini kazi yenyewe ni ya zamu ya usiku. Saa zisipoongezwa, hakuna kazi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekuambia! Ningekuja kibandani nikakuambia, usinitegemee. Umewaambia watu wote wasubiri magoti yako, halafu umeyaficha chini ya meza. Na mama yako je?"

Shemeji akafungua bomba, akanawa mikono isiyo na uchafu. "Kamuulize Mama mwenyewe," akasema.

Fundi akaenda nyumbani mbiombio. Alikuta bibi kizee ameketi kitandani, mto mgongoni.

"Imekuwaje, mwanangu?"

"Wamepitisha, Mama. Mwanao hakusimama."

Bibi kizee akavuta shuka, akalikunja, akalikunjua. Hakuonyesha kushangaa.

"Alikuja asubuhi, ulipokuwa unanunua pamba," akasema. "Akaniuliza. Nikamwambia aketi."

"Wewe?"

"Yule mtoto amekaa bila kazi muda gani? Usingizi wangu mimi ni wa siku chache tu. Kazi itamfaa maisha yake yote."

"Mchana nilikaa nawe hapa. Nimekulisha kwa mkono huu. Ukaniacha nivae shati, nikachekwe?"

"Niliogopa utaniambia nikatae. Na ningekukubalia." Akamtazama, akauliza, "Ulisimama peke yako?"

"Peke yangu."

"Masikini. Marehemu angesimama nawe."

Fundi akaegemea mlango. Ya mwenyekiti na soda zake aliyatarajia tangu mwanzo. Viongozi ndiyo kazi yao. Shemeji katibu naye, Fundi akamhesabu pamoja nao. Lakini bibi huyu hakuwa na cheo chochote cha kumlaani nacho.

"Marehemu alikuwa mwanao vilevile," akasema. "Ungemwambia naye aketi."

Bibi kizee akageuza uso ukutani. Fundi akangoja, pengine atakana, pengine atamtukana hata. Mabega ya bibi tu ndiyo yalikuwa yakicheza chini ya shuka, na Fundi akabaki palepale mlangoni, hajui kama aingie au atoke.