Maziwa Yaliyouawa

Tangu theluji ilipoyeyuka, Kapitolina hakumruhusu mumewe kuvaa shati kabla hajamkagua. Yefim akirudi kukata kuni msituni, alipelekwa moja kwa moja kwenye kibanda cha kuogea mvuke, akavuliwa nguo, akageuzwageuzwa kama samaki wa sokoni: kwapani, kinenani, nyuma ya masikio. Huko kwenye milima ya Urali, kila nyumba ina mtu wake aliyeumwa na kupe akazikwa kabla viazi havijachimbwa.

"We mwanamke, hilo si kupe, ni baka langu la kuzaliwa!"

"Tulia, mzee. Na kupe naye anaweza kujifanya baka."

Akimaliza humpa zawadi: kikombe cha maziwa ya Zorka, mbuzi wao, yangali na joto la kiwele. Jirani alipomuuliza mbona hachemshi, Kapitolina aliangua kicheko.

"Ukiyachemsha umeyaua. Mume wangu simnyweshi maiti, shoga."

Mwenyewe hakuyagusa. Harufu ya mbuzi ilimkera.

Mwezi wa Juni homa ikamshika Yefim, ikamwachia. Kapitolina akasema ni homa ya uvivu. Baada ya siku chache ikarudi na meno: shingo ikakakamaa kama gogo, akawa anamwita mkewe kwa jina la dada yake marehemu.

"Ubongo umevimba," daktari wa wilaya akasema. "Ni virusi vya kupe. Aliumwa lini?"

"Hajaumwa! Mwili ule naujua kuliko mfuko wangu. Kupe gani atanipita mimi?"

"Mna mbuzi, mama?"

"Mmoja tu."

"Anachungwa wapi?"

"Kule, ukingoni mwa msitu."

"Na maziwa yake mnayachemsha? Virusi vya kupe hupitia humo pia."

Kapitolina akaanza kuhesabu vikombe kwa vidole. Mwili wa Zorka hakuwahi kuukagua hata mara moja.

Yefim hakufa. Walimrejesha nyumbani kutoka hospitali wakati wa kuchimba viazi, mkono wa kulia, ule wa shoka, ukining'inia begani kama wa kuazima. Daktari alisema hautanyanyuka tena. Magogo yalikuwa bado uani, hayajapasuliwa, na baridi haikuwa mbali.

Kapitolina akabandika sufuria. Akasimama mbele ya jiko mpaka maziwa yakafura, akayaacha yatokote zaidi, kisha akayapoza na kumshikia mumewe kikombe mdomoni.

Yefim akaonja. "Umeyaua," akasema, ulimi mzito.

"Nimeyaua."

"Umechelewa, bibie."

Kapitolina akamtazama usoni kutafuta utani. Upande mmoja wa uso ule haukusogea, na ule mwingine hakuweza kuusoma.