Pambio la Kumkatiza Ednah

Katika kanisa lao pale Kiritiri, hakuna aliyejua kumkalisha mtu chini kama Karwirwa. Ushuhuda ukirefuka, au msemaji akianza kupotea njia, Karwirwa alisimama pale kwenye kiti chake cha mbele, akapiga makofi mawili na kuanzisha pambio. Kanisa zima lilidakia, kayamba zikalia, na msemaji akabaki anafungua mdomo bure mpaka akakaa mwenyewe. Pasta Mutegi alimpenda kwa kazi hiyo. Na yeye alijipenda, tusidanganyane.

Ndivyo alivyomfanyia Ednah mwaka jana. Ednah alikuwa amemzika binti yake wa pekee, Winfred, mtoto wa miaka sita, kwa homa ya siku tatu tu. Jumapili iliyofuata akasimama, na badala ya kuanza na "Bwana asifiwe" kama kila mtu, akasema, "Mungu ameniacha."

Maneno mawili! Karwirwa hakungoja la tatu. Pambio likagonga mabati, Ednah akakaa, na tangu siku hiyo akahamia benchi la nyuma karibu na mlango.

"Nimemwokoa asikufuru," Karwirwa aliwaambia kina mama wakiosha vikombe.

Halafu mwezi wa tatu mwaka huu, ukuta wa machimbo ya mchanga ukamwangukia Mwenda, kijana wa Karwirwa. Walimtoa kwa majembe, na hilo sitalisema mara mbili. Ednah alikuja matangani na mzigo wa kuni mgongoni, akasugua masufuria siku nne, wala hakurusha neno lolote la kuumiza. Karwirwa alishindwa kumtazama.

Wiki tano baadaye, pasta akamwita mbele. "Mama Mwenda, njoo ututie nguvu."

Karwirwa alikuwa amechagua Zaburi ya ishirini na mbili kwa sababu aliujua mwisho wake, kwenye sifa. Kwenye ibada za kina mama alianzia huko siku zote. Ule mwanzo wa kilio aliuruka, eti ni wa watu wenye imani haba. Lakini siku hiyo macho yaliangukia juu kabisa, na mdomo ukafuata. Akasoma mstari wa kwanza, pale mtu anapomuuliza Mungu kwa nini amemwacha.

Akaurudia kwa macho. Wee! Si ndiyo maneno ya Ednah yale?

Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto. Akangoja makofi, angalau mtu amkalishe chini, lakini mwenye kazi hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Ikabidi asome tu. Akasoma kiu, akasoma mifupa, akasoma mbwa waliomzunguka yule mtu, hadi akafika kwenye zile sifa alizozizoea. Kumbe aliyelia juu ndiye anayesifu hapa chini! Miaka yote hiyo alikuwa akimsikiliza nusu.

Akafunga Biblia. "Mama Winfred," akasema, "siku ile ulikuwa kwenye mstari wa kwanza tu. Nilikukatiza hujafika kwenye sifa. Nimekukosea mbele ya hawa wote. Kama utaweza, njoo umalizie."

Ednah alibaki kwenye benchi la nyuma mpaka watu wakaanza kukohoa. Halafu akaja. Akasimulia jinsi Winfred alivyoficha maharagwe chini ya sahani, jinsi alivyoomba uji asubuhi ile ya mwisho akafa haujapoa, na jinsi yeye mamake alivyomtukana Mungu jikoni, kwa Kimbeere, kwa sauti. Alisema mpaka saa ya mahubiri ikapita. Pasta akaangalia saa, kisha kwa mazoea akamwangalia Karwirwa.

Karwirwa aliikalia mikono yake.

Ednah akapangusa pua kwa leso. "Bwana asifiwe," akasema polepole.

Kanisa zima lilimngoja Karwirwa aitikie kwanza. Akaitikia amina huku analia, na mikono bado ameikalia.