Uko Nasoma Nini?

Tangazo niliandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, nikalibandika mahali pawili hapa Kasha, mtaani kwetu Kivu: kwenye mlango wa kinu cha unga na kwenye ukuta wa parokia, chini ya orodha ya watakaobatizwa. Lilisema, kwa Kiswahili cha kwetu: UKO NASOMA NINI? NJOO UTUAMBIE. KILA SIKU YA POSHO, SAA TISA, SHULE YA MSINGI, DARASA LA MWISHO.

Ningeweza kuandika kwa Kifaransa, "club de lecture", klabu ya kusoma, na kila mtu angeelewa mara moja kwamba halimhusu. Nilitaka limhusu. Nilikuwa nimemaliza licence ya lettres, shahada ya fasihi, mwaka uliotangulia. Kazi sikuwa nayo, lakini niliamini, na bado naamini, kwamba watu wakikaa pamoja na kuambiana wanachosoma na kilichowagusa, kuna kitu katika mtaa kitakachobadilika. Kitu gani, sikuwa nimefika huko.

Mkurugenzi wa shule alinipa darasa kwa sharti kwamba tukiondoka tupange mabenchi. Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu wakaja watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Carine, fundi wa cherehani. Alikuwa anasoma riwaya ya mapenzi isiyo na jalada, na alikuwa ameanza na ukurasa wa mwisho.

"Nataka kujua kwanza kama niingie ao nisiingie," alisema.

Wa pili alikuwa Didier, sentinelle, yaani mlinzi, kwenye ofisi moja ya mjini. Alikuwa anasoma kitabu cha maelezo ya jenereta ya hapo kazini.

"Iko na sura kumi na mbili," alisema. "Ya tatu iliniogopesha sana. Ni kweli tupu."

Wa tatu alikuwa Papa Télesphore. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mvi kichwa kizima, shati jeupe lililopigwa pasi na suruali ya bluu. Katika nchi yetu kila mtu anajua nani huvaa shati jeupe na suruali ya bluu asubuhi, lakini macho yangu, yalipoona mvi, yalikataa kuona sare ya mwanafunzi.

"Na wewe, Papa, uko nasoma nini?"

Alisimama kando ya benchi, mikono nyuma.

"Niko nasoma ya tano secondaire. Pédagogie."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichoandika. Kwetu kusoma ni kusoma kitabu na ni kwenda shule pia, na ukimwuliza mtu uko nasoma nini, hakutajii kitabu. Anakutajia masomo yake. Kila mama aliyepita kwenye kinu cha unga alikuwa amesoma tangazo la kuandikisha wanafunzi. Mimi, mwenye licence ya lettres, sikuwa nimeliona hilo.

"Ya tano ya mwaka gani, Papa?" aliuliza Carine.

"Ya quatre-vingt-trois."

"Na kisha?"

"Kisha nilipumzika."

Alitueleza bila haraka. Mwaka ule wa 1983, likizo kubwa ilipofika, alikwenda Luhwindja na rafiki yake kuchimba dhahabu kidogo, arudi mwezi wa tisa kuanza ya sita. Likizo ile ilichukua miaka kumi na moja. Baadaye yalikuja mambo mengine. Lakini shule, alisema, hakuiacha kamwe, na hakuna mwalimu aliyewahi kumfukuza. Alibakiza mwaka mmoja tu.

"Hapa tunasoma vitabu, Papa," nilisema. "Kila mtu anasema kitabu chake na alivyokiona."

"Ndiyo, prof. Shule gani haina vitabu?" Alifungua daftari jipya. Alikuwa tayari amepiga mstari wa marge, ule wa pembeni, kwa wino mwekundu, kwa rula, kwenye kila ukurasa. "Sasa Examen d'État iko mwezi gani?"

Alikuwa anauliza mtihani wa taifa, ule wa kumaliza secondaire. Ninaapa kwamba niliangalia ile mistari myekundu, na neno nililotaka kusema lilikuwa hapana.

"Tutaona, Papa," nilisema.

Aliandika.

Tulipokuwa tunapanga mabenchi, Didier alinisogelea.

"Prof, umemudanganya muzee."

"Sikumudanganya. Nimesema tutaona."

"Ile ni kudanganya ya batu benye kusoma."

Nilimpa Papa Télesphore riwaya nyembamba kutoka katika katoni yangu ya vitabu, habari za mjane mmoja na shamba lake. Jumamosi ya tatu alisimama na kutusomea kutoka daftarini.

"Kitabu. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Nimefika makumi tano. Batu: bane. Hali ya hewa: mvua. Points: kumi na moja juu ya makumi mbili."

"Kwa nini kumi na moja tu, Papa?" Carine aliuliza.

"Mujane hakuandikisha shamba. Hana hata papier moja. Ni kosa kubwa."

"Lakini ni mjane aliyekosa," nilisema. "Si mwandishi."

"Mwandishi alikuwa pale pale. Alimuangalia tu."

Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu. Miaka mitano ya chuo kikuu, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Jumamosi ya sita alifika macho mekundu. Hakusimama wala hakufungua daftari.

"Ule shemeji yake ni mutu mubaya," alisema.

"Shemeji ya nani, Papa?" Didier aliuliza.

"Ya mujane. Anakuja kila siku, anakunywa chai yake, anamuita dada. Na shamba anaipima na macho. Mimi najua batu ba vile. Wangekuwa hapa Kasha, tungebaita ku chef de quartier, mukubwa wa mutaa."

"Mwisho wake..." Carine alianza.

"Funga kinywa, Carine! Usiniambie mwisho. Niko naenda polepole." Alijipangusa uso. "Jana nilimuambia Francine, muke yangu, twende tuandikishe shamba yetu ya kule Miti. Alikuwa ananiomba hii miaka makumi mbili. Akaniuliza nani alinishauri leo. Nikamuambia, tuko naisoma ku masomo."

Wakaenda kweli. Jumamosi iliyofuata alituonyesha karatasi yenye muhuri, ikapita kutoka mkono hadi mkono. Nilifurahi kiasi kwamba usiku ule niliandika kurasa nne katika daftari langu juu ya mustakabali wa Kivu. Juu ya Papa Télesphore na mtihani wake sikuandika kitu.

Nilijaribu kumwambia mara moja. Mvua ilikuwa imetubana mlangoni, sisi wawili.

"Papa, hapa si shule ya kweli."

"Najua, prof. Benchi zimevunjika na plafond inavuja. Tutavumilia." Akanipiga begani ili kunitia moyo.

Mwisho wa mwezi wa sita mkurugenzi alitaka darasa lake, kwa sababu likizo kubwa ilikuwa inaanza. Nikawaambia wenzangu: Jumamosi ijayo ni ya mwisho, tunafunga mpaka mwezi wa tisa. Papa Télesphore aliandika neno "tunafunga" na kulipigia mistari miwili.

Kwetu shule haifungwi kimya kimya. Kuna siku ya proclamation. Wazazi wanakuja, majina yanasomwa kwa sauti, aliyepita anajulikana na aliyeanguka pia. Na anayepata diplôme d'État anamwagiwa poudre, poda nyeupe, kichwani, anatembea mtaani hivyo hivyo ili watu wamwone.

Jumamosi ile Papa Télesphore alifika na mke wake. Maman Francine alikuwa amevaa pagne ya sikukuu na kushika mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko niliona kopo la poudre. Alikaa benchi la mbele.

"Endelea, prof," alisema. "Usiniangalie. Mimi niko parent."

"Karibu, maman."

"Wakati alikuja kunioa, alimuambia papa yangu, nimebakiza mwaka moja. Papa yangu alimungojea mpaka akakufa." Aliweka kopo juu ya benchi. "Mimi sijakufa bado. Soma majina."

Carine aliangalia viatu vyake. Didier aliniangalia mimi. Papa Télesphore alikuwa amesimama mahali pake, mikono nyuma, shati jeupe, na aliangalia ubao ambao haukuwa na kitu.

"Hakuna majina, maman," nilisema. "Hapa si shule. Ni watu wanaosoma vitabu na kuviongelea. Hakuna mtihani, hakuna diplôme. Papa alielewa vingine siku ya kwanza kwa sababu ya tangazo langu, na mimi niliona, nikanyamaza. Kosa ni langu lote."

Nje mtu alikuwa anaita kuku wake. Tulimsikia mpaka akawapata.

"Uliniambia tutaona," alisema Papa Télesphore.

"Neno lilikuwa hapana, Papa. Nilishindwa kulisema."

"Miezi ine. Kila siku ya posho. Nilikuwa nafanya nini hapa?"

"Ulikuwa unasoma, Papa."

"Nasoma nini?"

"Vitabu. Ulikuwa unasoma tu."

"Kusoma tu," alirudia, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa wake. Kisha akakaa.

Maman Francine hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Amesoma vitabu ngapi?"

"Vitatu, maman."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," alisema Carine. "Mimi nikitaka kumuambia mwisho, ananifokea."

"Bwana yangu? Huyu?" Aligeuka, akamtazama kwa muda mrefu. "Huyu hajamaliza hata choo yetu. Kuta tatu, tangu mutoto wa mwisho azaliwe."

"Francine, usilete choo hapa," alisema Papa Télesphore.

"Na ile mambo ya kuandikisha shamba, ilikuwa ndani ya kitabu?"

"Ndani ya kile cha mujane."

"Mujane alipata shamba yake?"

"Sikuambii. Utasoma."

Maman Francine alichukua kopo la poudre. Nilidhani atafungua. Alilirudisha kwenye mfuko na kufunga fundo.

"Poudre haiozi," alisema. "Prof, sasa ile diplôme yenyewe inapatikana wapi?"

Nilimweleza ninayoyajua. Kuna watu wanaoitwa autodidactes. Hawako shuleni, lakini wanaruhusiwa kufanya Examen d'État kama wengine. Kuna dossier, faili la karatasi, la kupeleka, kuna mtihani wa awali, na wengi wanaanguka kwenye ule wa awali. Nilisema hilo la kuanguka mara mbili, ili lisikike.

"Na nani atamufundisha?"

"Mimi, maman. Kama atanikubali."

Papa Télesphore alifunga daftari lake, akalifungua tena, akaangalia ile mistari myekundu. Didier alikohoa. Nilianza kufikiria jinsi ya kuomba msamaha kwa mara ya pili.

"Utakuja kwangu," alisema mwishowe. "Kila siku, saa kumi na moja, nikitoka kazini. Unaanza na Kifaransa, pale niko zaifu. Na siku utaniambia tutaona, nakufukuza."

"Ndiyo, Papa."

"Sema hapana kama ni hapana."

"Nitasema hapana."

"Sema sasa, nisikie."

"Hapana, Papa."

"Vizuri."

Niliandika kwenye daftari langu: saa kumi na moja, Kifaransa. Nikapiga mistari miwili chini yake.

"Kila siku," nilisema. "Na Jumamosi pia?"

"Siku ya posho apana," alisema Papa Télesphore. Alikuwa ameshafika kwenye katoni na alikuwa anapekua. "Siku ya posho niko nasoma."

Didier aliuliza wapi, maana darasa linafungwa. Carine alisema kwenye atelier yake ya cherehani kuna benchi moja na kiti cha wateja. Maman Francine aliuliza kama kitabu cha mjane kiko katika ile katoni au kuna mtu amekiazima, kisha tukapanga mabenchi.