Mguu wa Mdogo Wake Mwalimu

Kabla dawa ya usingizi haijamchukua, Fundi alimtazama daktari aliyemwinamia akiwa amevaa miwani nene kama ya wachomelea vyuma, akacheka kwa taabu.

"Kaka yumo humo?"

"Yumo," daktari alimjibu. "Anachokiona ni kile ninachokitazama mimi."

"Kaka! Nyumbani hukanyagi miaka yote hii, leo unanichungulia kwa macho ya mtoto wa watu?"

Sauti ya Mwalimu ikatoka kwenye spika, kutoka hospitali ya mbali alikokuwa bingwa wa mifupa. "Nyamaza we mkorofi. Lala."

"Nalala. Ila daktari, nisikilize. Mguu ukishindikana, kaka ndiye mwenye neno. Akisema ukatwe, kata. Asiposema, usiuguse."

Akalala.

Ukuta ulikuwa umemwangukia kwenye jengo alilokuwa akijenga, na mpaka anafikishwa hospitali, kutwa nzima ilikuwa imeshapita. Daktari alipasua. Yote aliyoyajua kuhusu mifupa alifundishwa na Mwalimu huyohuyo. Sasa Mwalimu alichora kwa kidole huko aliko, na mbele ya macho ya mwanafunzi wake mistari ya kijani ikaelea juu ya mfupa uliovunjika: bamba la chuma lilale hapa, skrubu ziingie pale. Mistari mizuri, ya mtu anayeijua kazi yake.

Lakini unyayo wa Fundi ulikuwa baridi kama sakafu. Miwani ile ilibeba picha na sauti. Baridi haikuweza kuibeba.

"Mwalimu, mguu umepoa."

"Chumba chenu kina baridi. Endelea."

Daktari akaubana msuli kwa koleo. Haukushtuka. Akaukata kidogo. Haukutoa damu. Rangi yake ilikuwa ya majivu.

"Umeona, Mwalimu?"

"Taa zenu mbovu. Hebu geuka, nionyeshe mfupa."

Sista aliyekuwa akimpa vifaa akainamisha macho. Mwalimu huyu aliwahi kumtoa mwanafunzi chumba cha upasuaji kwa kosa la kusema "nadhani". Daktari alijua kwamba akigeuka, Mwalimu atauona mfupa tu, atachora tena, nao watafunga chuma kwenye mguu uliokwisha kufa, sumu yake ipande mwilini mpaka imuue Fundi. Asipogeuka, Mwalimu hatakuwa na pengine pa kutazama.

Akakaza shingo.

"Nimesema geuka."

"Sigeuki, Mwalimu. Niwie radhi."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana sigeuki." Akaubana msuli tena, palepale, taratibu. Jasho likamtiririka chini ya mkanda wa miwani, Sista akamfuta. "Ungekuwa mguu wa mtu mwingine, ungeshaniambia nini?"

Walimsikia Mwalimu akishusha pumzi kama mtu anayetua mzigo.

"Utotoni alikuwa akiparamia kila ukuta wa mtaa wetu," alisema. "Mama alinituma mimi nikamteremshe."

Daktari akampa Sista koleo.

Mistari ya kijani ikaanza kufutika, mmoja mmoja, bila haraka, mpaka juu ya mfupa pakabaki patupu. Kisha ukachorwa mwingine, chini ya goti. Huo haukunyooka.

"Kata hapo," Mwalimu alisema. "Goti mwachie, litamfaa."

"Nizime picha?"

"Usizime. Akiamka atataka kujua nani alitoa neno. Nitamwambia ni mimi, na kwamba nilikuwepo." Akashusha sauti. "Haya, mwanangu. Tazama unapokata."

Daktari akanyoosha mkono, Sista akamwekea msumeno kiganjani.