Vidole Viwili vya Gundi

Rangi ya mtu huenda wapi inapomtoka? Bi Gundi alijiuliza swali hilo kila alipofungua kopo la gundi pale kwenye karakana ya viatu. Madoa meupe yalianzia kwenye ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kulia, yakapanda taratibu bila maumivu wala mwasho, kama mgeni asiyebisha hodi.

Vidole hivyo ndivyo vilivyompa jina. Wenzake walipaka gundi kwenye soli kwa brashi. Yeye alichovya vidole, akavipitisha mara moja tu, na soli ikashika kana kwamba kiatu kimezaliwa nayo. Brashi haina hisia, alizoea kusema. Ustadi huo alimrithisha mkwewe, mke wa mwanawe, aliyekaa naye benchi moja.

"Bi Gundi, naona unageuka mzungu kwa awamu," mkata ngozi alimtania.

"Polepole ndio mwendo. Nikifika puani nitakuajiri wewe uniandikie barua."

Walicheka wote. Hata hivyo, wakati wa chakula hakuna aliyesogea karibu yake, na kikombe chake kilianza kuwekwa mbali na vingine.

Nyumbani hakukuwa na utani. "Wifi, ama hili ni la ukoo wenu, ama linaambukiza," alisema dada wa marehemu mumewe. "Vyovyote vile, mtoto usimbebe."

Tangu siku hiyo Bi Gundi alimwimbia mjukuu wake akiwa amesimama mlangoni, na mtoto alipomnyooshea mikono, aliificha yake mgongoni.

Jioni moja alimwona mkwewe akimwogesha mtoto kwa mkono mmoja, ule wa kushoto ameuviringisha kwenye khanga.

"Mkono umefanya nini?"

"Si kitu, mama."

"Nionyeshe, mwanangu."

Mkwe alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Madoa yalikuwa kwenye vidole viwili vya kushoto, vilevile alivyochovyea gundi. Bi Gundi aliuweka mkono wake kando ya ule, akaitazama yote miwili. Wawili hao hawakuchangia damu. Walichangia kopo.

Daktari wa zahanati aliwasikiliza, kisha akathibitisha: baadhi ya gundi zina kemikali inayoua chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ugonjwa huu haurithiwi, wala hauambukizi.

"Rangi itarudi?" Bi Gundi aliuliza.

"Madoa yako ni ya zamani, mama. Siwezi kukuahidi. Ya mwenzio bado machanga. Huenda rangi yake ikarudi, akiacha kuigusa gundi hiyo."

Njiani Bi Gundi alilia. Hakuulilia mkono wake. Aliulilia mkono ule mwingine, aliokuwa ameushika yeye mwenyewe, kwa upendo, akauongoza hadi ndani ya kopo.

Usiku huo alimweleza wifi maneno ya daktari, kisha akambeba mjukuu wake.

Asubuhi, kazi ilipoanza, makopo yao mawili yalibaki na vifuniko. Msimamizi alisikia kwamba wanataka brashi, akaja akiguna.

"Brashi itatuchelewesha, Bi Gundi. Na ni wewe uliyesema haina hisia."

"Ndiyo maana haina cha kupoteza."

Bi Gundi alisimama, akainua mkono wake ili hata mkata ngozi auone.

"Mimi na mkwe wangu hatutatia tena mikono yetu kwenye gundi. Tupeni brashi na glavu zinazofaa kazi hii. Msipotupa, leo hii tunaondoka."